Miembe ya Goweko: mkasi upo, kinachokosekana ni mkataba

Kila unapofika msimu wa maembe, kati ya Novemba na Februari, hali ya soko katika ukanda wa Goweko, wilayani Uyui, mkoani Tabora, huwa ni ile ile. Maembe hukomaa kwa pamoja, bei hushuka, na sehemu kubwa ya mazao huishia chini ya miti. Lawama kwa kawaida huelekezwa kwa walanguzi, usafiri na ukosefu wa viwanda. Sababu hizo zina ukweli wake, lakini ipo nyingine ambayo kila mfanyabiashara huiona kwa macho na mara chache huiweka kwenye daftari la hesabu: miti ni mirefu mno kuchumwa kwa mkono.

Dawa ya mti mrefu inajulikana, nayo ni kupogoa. Vifaa vyake havina ugumu. Swali la kibiashara ni kwa nini haitumiki, na jibu lake halipo kwenye duka la pembejeo. Lipo kwenye namna maembe yanavyonunuliwa. Mnunuzi hulipia matunda ya msimu mmoja yakiwa bado mtini, kisha huondoka. Mwenye mti hupokea fedha yake na kusubiri mwaka mwingine. Kati ya hao wawili, hakuna anayepata faida ya kuupogoa mti.

Urithi wa njia ya misafara

Goweko ni kituo cha Reli ya Kati, mashariki ya mji wa Tabora, baada ya Nyahua na kabla ya Igalula kwa msafiri anayetoka Dar es Salaam. Kabla ya reli, ukanda huo ulikuwa sehemu ya njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Ugogo na nyika ya Mgunda Mkali, ikaingia Unyamwezi kwa upande wa Tura na kuelekea Tabora, kisha Ujiji. Burton na Speke waliifuata njia hiyo na kufika Tabora, wakati huo ikiitwa Kaze, mwezi Novemba 1857.

Misafara haikubeba pembe, nguo na watumwa peke yake. Ilibeba pia mbegu. Mwembe ulifuata wafanyabiashara kutoka pwani hadi bara, ukapandwa kuzunguka matembe ya Waarabu wa Unyanyembe na mahali walipolala wapagazi. Hadi leo, mtu akitaka kujua msafara ulipita wapi kati ya Bagamoyo na Ziwa Tanganyika, safu za miembe ni moja ya alama zake. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ikaua biashara ya upagazi, lakini miembe ilibaki na kuendelea kuzaa.

Miti hiyo ilipandwa kwa ajili ya kivuli na kwa ajili ya tumbo la msafiri. Haikupandwa kwa ajili ya soko. Mingi imetokana na kokwa, haikubebeshwa, na mwembe wa kokwa ukiachwa bila kukatwa huweza kupita urefu wa meta 20. Tunda lake ni tamu, lakini aghalabu lina nyuzi, na ukubwa wake hutofautiana kati ya mti na mti. Kwa mpita njia aliyekaa kivulini, hiyo si kasoro. Kwa mfanyabiashara anayepakia tenga kwenda Dodoma au Dar es Salaam, kila moja ya sifa hizo ina gharama.

Gharama ya urefu

Embe lililo juu kabisa huchumwa kwa njia tatu. Mpandaji hupanda na kutikisa tawi. Au huliangua kwa upembo. Au huachwa hadi lianguke lenyewe. Katika njia zote tatu tunda hupiga ardhi. Michubuko haionekani siku hiyo hiyo. Huonekana siku ya pili au ya tatu, tenga likiwa njiani au limeshafika sokoni, na hapo aliyenunua kwa jumla ndiye anayebeba hasara.

Hesabu ifuatayo ni ya mfano tu, wala si bei ya soko. Mfanyabiashara ananunua matunda ya mwembe mmoja kwa sh. 20,000, akikadiria kuwa una maembe 1,000. Kwenye daftari lake kila embe limemgharimu sh. 20. Kama 400 yamepasuka, yameoza au yameliwa na ndege na popo kileleni kusikofikika, yaliyofika sokoni ni 600, na kila moja limemgharimu zaidi ya sh. 33 kabla hajamlipa mpandaji, mbebaji na mwenye gari. Bei ya kununulia imepanda kwa theluthi mbili bila mtu yeyote kuipandisha.

Zipo gharama nyingine zisizoandikwa. Mpandaji anaweza kuanguka, na mti wa meta 15 hausamehe. Maembe yaliyooza chini huwa kitalu cha inzi wa matunda. Aina kali ya inzi hao, iliyotokea Asia, ilibainika Kenya mwaka 2003 na kuenea haraka katika Afrika Mashariki. Majani yaliyosongamana huzuia jua na hewa, na hapo ubwiri unga hushambulia maua, na chule hushambulia maua na matunda. Dawa ya kunyunyiza haiwezi kufika kileleni kwa bomba la mgongoni.

Mfano wa Hirosaki

Nchi ambayo imeligeuza suala la kupogoa kuwa kazi yenye heshima na soko lake ni Japani. Wajapani wana kitabu cha taratibu za kutengeneza bustani, Sakuteiki, kilichoandikwa katika karne ya 11. Wana pia msemo wa zamani usemao kwamba mjinga ni yule akataye mti wa sakura, na mjinga mwingine ni yule asiyekata mti wa ume. Sakura ni mti wa maua na jeraha lake huoza kwa urahisi. Ume, jamii ya plamu, hupenda mkasi, na usipokatwa huota vijiti ovyo na kupunguza maua na matunda.

Sehemu moja ya msemo huo ilipingwa na watu wa Hirosaki, mji ulio katika mkoa wa Aomori, kaskazini mwa kisiwa cha Honshu. Kisa chake kina faida kwa msomaji wa Tabora, kwa kuwa kinahusu miti mizee.

Aomori ni mkoa wa matofaa. Miche ya kizungu ililetwa huko miaka ya 1870, na mmoja wa waanzilishi wa kilimo hicho alikuwa Kikuchi Tatee, aliyekuwa samurai kabla tabaka hilo halijapoteza kazi. Mwaka 1882 Kikuchi huyo huyo alipanda miche 1,000 ya sakura katika ngome ya Hirosaki. Baadhi ya wenzake walichukizwa kuona ngome ikigeuzwa mahali pa starehe, wakaing'oa mingi. Iliyobaki, pamoja na iliyopandwa baadaye, ndiyo chanzo cha bustani maarufu ya leo yenye sakura zipatazo 2,600.

Aina ile ya sakura husemekana kuishi miaka 60 hadi 80. Miti ya Hirosaki ilipoanza kuchoka, wasimamizi wa bustani hawakuuliza wataalamu wa maua. Kuanzia kipindi cha katikati ya miaka ya 1950 hadi ya 1960 walitumia ujuzi wa jirani zao, wakulima wa matofaa: kukata matawi makongwe, kuacha chipukizi changa lichukue nafasi, kupaka dawa kwenye jeraha na kuweka mbolea. Leo Hirosaki ina mamia ya sakura zenye umri unaozidi miaka 100, na uliopandwa mwaka 1882 bado unachanua. Kabla ya mwaka 2020, tamasha la maua hayo, linalofanyika mwishoni mwa Aprili na mwanzoni mwa Mei, lilipokea watu zaidi ya milioni 2 kwa mwaka. Hoteli, treni na wauza vyakula wote hula kwenye mkasi ule.

Somo la kwanza, basi, ni kwamba uzee wa mti si hukumu ya kifo. Somo la pili ni la umiliki. Bustani ya Hirosaki inasimamiwa na mji, wenye wapogoaji wake wa kudumu. Anayekata tawi Februari ndiye atakayevuna mwaka huu, mwaka ujao na miaka kumi ijayo.

Embe linaloanguka bila kuumia

Japani inalima maembe pia, kwa gharama kubwa, ndani ya nyumba za plastiki. Mkoa wa Miyazaki, kusini, hulima aina ya Irwin kutoka Florida. Miti huwekwa mifupi, na kila tunda huvishwa wavu uliofungwa kwa kamba. Mkulima halichumi. Analiacha liive kabisa hadi liachie kikonyo lenyewe na kutua ndani ya wavu. Yale bora, yenye uzito usiopungua gramu 350 na utamu uliopimwa, huuzwa kwa chapa ya Taiyo no Tamago, maana yake Yai la Jua. Mwaka 2019 jozi moja ilinunuliwa kwenye mnada kwa yeni 500,000.

Bei hiyo ni ya mnada wa ufunguzi wa msimu na ina mambo ya sifa ndani yake. Haifai kuwekwa kwenye makadirio ya mtu yeyote wa Goweko. Kinachofaa kuchukuliwa ni utaratibu. Embe la Miyazaki linaanguka, na la Goweko linaanguka. La kwanza huanguka ndani ya wavu likapanda daraja. La pili huanguka kutoka ghorofa ya nne likawa la nguruwe. Tofauti ya mwanzo kabisa kati yao, kabla ya plastiki na umeme, ni urefu wa mti.

Wakulima wa mapeasi nchini humo nao hulaza matawi juu ya chanja ya waya iliyo usawa wa kichwa cha mtu, kwa sababu ya hofu ya tufani. Matokeo yake ni kwamba mzee anaweza kuvuna mti mzima akiwa amesimama chini.

Vifaa na namna ya kuvinunua

Biashara ya vifaa vya kupogolea ina historia inayofanana na ya Unyamwezi kuliko wengi wanavyodhani. Mji wa Sanjo, mkoani Niigata, ulianza kwa wakulima waliofua misumari kama kazi ya ziada, kwa kuwa mafuriko yaliharibu mashamba yao. Serikali ilipopiga marufuku kubeba panga za vita mwaka 1876, wafua panga nchini kote walilazimika kutafuta bidhaa nyingine, na wengi waligeukia visu, mikasi na misumeno. Unyamwezi wa karne ya 19 nao ulikuwa na wahunzi wake, na majembe ya chuma yalikuwa bidhaa kubwa katika soko la Tabora, yakitumika hata kulipia mahari. Wa Sanjo waliendelea hadi kuuza duniani. Wa kwetu walishindwa na jembe la meli.

Kwa anayetaka kuanza, vifaa vinavyohitajika ni vinne. Cha kwanza ni mkasi wa mkono wa kupogolea, kwa matawi yasiyozidi unene wa kidole gumba. Cha pili ni mkasi wa mikono miwili wenye mipini mirefu, kwa matawi ya unene wa mpini wa jembe. Cha tatu ni msumeno wa kupogolea. Msumeno wa Kijapani hukata unapouvuta kuja kwako, si unapousukuma. Kwa sababu hiyo bapa lake huwa jembamba, kazi yake huwa nyepesi na jeraha hubaki laini. Cha nne ni msumeno uliofungwa kwenye mti mrefu au bomba, kwa matawi yasiyofikika.

Panga halimo kwenye orodha hiyo. Panga hupasua gome na kuacha kisiki chenye nyufa, na kwenye nyufa ndimo maji, ukungu na wadudu huingia. Tawi zito likikatwa kwa panga moja kwa moja huanguka na kuchuna gome hadi kwenye shina.

Mnunuzi atazame mambo matatu: kama bapa na springi ya mkasi huuzwa peke yake kama vipuri, kama mkasi unafunguka kwa ajili ya kunolewa, na kama msumeno una meno magumu ambayo hayanoleki, katika hali hiyo auhesabu kuwa ni wa kutupwa ukifa makali. Mkasi wa bei poa usio na vipuri huonekana nafuu siku ya kwanza tu. Baada ya kazi, utomvu wa mwembe ufutwe, bapa lipakwe mafuta, na kati ya mti mmoja na mwingine makali yapanguswe kwa spiriti ili ugonjwa usihame. Utomvu huo pia huunguza ngozi. Glovu na nguo za mikono mirefu ni sehemu ya vifaa.

Ipo nafasi kwa mafundi wa hapa. Wavu wa kuchumia uliofungwa kwenye pete ya chuma yenye ncha ya kukatia, ngazi za miguu mitatu, na ndoana za kushushia matawi ni vitu vinavyoweza kufuliwa na mhunzi yeyote mwenye sampuli mbele yake. SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoanzishwa mwaka 1973, lina ofisi mkoani Tabora.

Kalenda ya mwaka

Mjapani hufuata majira manne. Katika bustani ya Kenroku-en, mjini Kanazawa, tarehe 1 Novemba kila mwaka wafanyakazi huanza kufunga kamba kushikilia matawi ya misonobari ili theluji isiyavunje. Hakuna anayesubiri theluji ianguke ndipo atafute kamba. Goweko haina theluji, ina masika na kiangazi, lakini kalenda yake ni kali vile vile.

Februari hadi mwanzo wa Machi, mavuno yanapokwisha, ndio wakati wa kukagua miti na kukubaliana na wenye miti.

Machi na Aprili ndio wakati wa kukata. Mvua bado ipo ya kusukuma chipukizi, ila siku ya kukata iwe kavu. Mwembe huchanua kwenye ncha za matawi yaliyokomaa, kwa hiyo chipukizi linahitaji miezi ya kukomaa kabla ya baridi. Anayekata Juni anakata maua ya mwaka huo.

Mei hadi Agosti ni kipupwe na baridi kavu, wakati wa maua. Kazi ni kuangalia ubwiri unga na kuwapa nafasi nyuki na inzi wanaochavusha. Kwa mkoa unaosifika kwa asali, hii isiwe kazi ngeni.

Septemba na Oktoba matunda hukua. Chipukizi za ziada hupunguzwa kwa mkono, na nguzo huwekwa kwenye matawi yaliyolemewa.

Novemba hadi Februari ni kuvuna. Kila tunda lililoanguka liokotwe na kufukiwa kwenye shimo la nusu meta au zaidi, la sivyo inzi wa mwaka ujao anafugwa bure.

Kufufua mti mkongwe

Mwembe wa miaka mingi haushushwi kwa siku moja. Utaratibu salama ni kukata theluthi moja ya matawi makuu kila mwaka kwa miaka mitatu, hadi kilele kibaki kati ya meta 4 na 5. Tawi nene hukatwa mara tatu: kwanza kwa chini, mbali kidogo na shina, hadi robo ya unene, kisha kwa juu hadi lianguke, mwisho kisiki kinaondolewa karibu na uvimbe wa mahali tawi linapoungana na shina, bila kuukata uvimbe wenyewe, kwa maana ndio unaofunga jeraha. Shina lililokuwa kivulini kwa miaka mingi hupakwa chokaa lisiunguzwe na jua.

Chipukizi zitakazotoka zitakuwa nyingi. Huachwa chache zenye nguvu, zinazotazama nje. Hapo mwenye mti ana hiari mbili: aziache zizae embe lile lile, au azibebeshe aina inayotafutwa sokoni, kama vile dodo bora, Apple, Kent au Keitt. Mizizi ya mti wa zamani, iliyozoea ukame, inabaki kuwa mtaji.

Hesabu ya mkataba

Tukirudi kwenye mfano wa mwembe wa sh. 20,000 kwa msimu, na kuchukulia kuwa umeshushwa wote kwa mara moja ili hesabu iwe nyepesi, mti hautazaa kwa misimu miwili. Hasara ni sh. 40,000. Ukirudi kuzaa, idadi ya matunda itakuwa ndogo kuliko ya zamani, lakini karibu yote yatafika sokoni yakiwa mazima. Tuseme thamani yake imepanda kwa nusu, hadi sh. 30,000. Faida ya ziada ni sh. 10,000 kwa msimu, na hasara hufidiwa baada ya misimu minne. Jumla ni misimu sita.

Ukibebeshwa, tuseme misimu iliyopotea ni mitatu, sawa na sh. 60,000, na thamani imepanda mara mbili hadi sh. 40,000. Faida ya ziada ni sh. 20,000, na hasara hufidiwa kwa misimu mitatu. Jumla ni sita vile vile, ila kuanzia msimu wa saba mti huu unaleta ziada mara mbili ya ule wa kwanza. Gharama za vifaa, vikonyo na vibarua huongezwa juu, na kila mtu aweke bei halisi za mahali pake.

Hesabu hiyo inaonesha wazi kwa nini mnunuzi wa msimu mmoja hashiki mkasi, na kwa nini hata mkataba wa miaka mitano haumtoshi. Inaonesha pia kwa nini mwenye mti hawezi kuifanya peke yake: mwaka wa kwanza na wa pili atakosa fedha aliyoizoea, na ada za shule hazisubiri chipukizi.

Njia inayowezekana ni mkataba wa miaka kumi. Mfanyabiashara au kikundi cha wawekezaji wadogo kinagharimia kupogoa na kubebesha, na kinamlipa mwenye mti kodi ya msimu hata miaka mti usipozaa, ingawa kwa kiwango cha chini. Mti ukirudi, kodi inapanda kwa kiwango kilichoandikwa tangu mwanzo. Miti ishushwe kwa mafungu. Mwenye miti tisa aanze na mitatu, ili nyumba isikose embe wala shilingi. Mkataba uwe wa maandishi, ushuhudiwe na serikali ya kijiji, na utaje miti yenyewe kwa alama na idadi. Uandikwe pia mti ni wa nani iwapo mmoja wa wahusika atafariki, maana mwembe huishi kuliko aliyeupanda na kuliko aliyeukodisha.

Hatari zipo. Mti unaweza kufa baada ya kukatwa, na mkataba useme hasara ni ya nani. Moto wa kiangazi unaweza kuunguza chipukizi. Bei inaweza isipande kama kila mmoja atabebesha aina moja inayoiva wiki moja. Mwenye busara atachanganya aina za mapema na za kuchelewa, kwa kuwa faida kubwa ya maembe ipo mwanzo na mwisho wa msimu, si katikati.

Wageni na miti ya kihistoria

Lipo pato jingine ambalo Wajapani hulitoza waziwazi. Bustani ya Kairaku-en, mjini Mito, ilifunguliwa mwaka 1842 na mtawala Tokugawa Nariaki, ikiwa na miti ya ume iliyokusudiwa kwa maua na pia kwa matunda ya kutia chumvi kama akiba ya chakula. Leo ina miti ipatayo 3,000. Mwaka 2019 ilianza kutoza kiingilio kwa wageni wa nje ya mkoa wake. Watu hulipa kwenda kutazama shamba la matunda likiwa limechanua.

Tanzania iliiweka njia kuu ya misafara ya watumwa na pembe kwenye orodha ya awali ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006, ikiwemo Kwihara, nje ya mji wa Tabora, ambako Livingstone aliishi mwaka 1872, na Ujiji, ambako miembe ni sehemu ya simulizi la kukutana kwake na Stanley. Barabara ya lami kutoka Tabora hadi Nyahua, Chaya na Itigi imeupunguzia mashariki ya Uyui upweke wa kutegemea reli tu. Safu ya miembe ya misafara, iliyotunzwa na kuwekewa kibao, ni kitu ambacho mgeni wa Kwihara angeweza kuoneshwa, Julai kwa maua na Desemba kwa kuonja.

Miti hiyo ya kihistoria isiguswe na msumeno bila ushauri wa wataalamu na ridhaa ya kijiji. Ya kushushwa ni ile ya kawaida iliyotapakaa mashambani na kwenye viwanja vya nyumba, ambayo mingi hatima yake ya sasa ni tanuri la mkaa. Mkaa hulipa mara moja. Mkunje samaki angali mbichi, walisema wahenga. Mwembe una nafuu kuliko samaki, hukunjika hata ukiwa mkongwe, mradi apatikane mtu mwenye sababu ya kungoja msimu wa saba.